Miche Iliyosimama Kabla ya Kupona

Miche niliyoiua kwa maji ni mingi kuliko niliyoiua kwa kiu. Naanza na hilo ili msije mkadhani mnasoma habari za mtu aliyeijua kazi tangu mwanzo. Nimestaafu, mgongo hauinami tena vizuri, na nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye vitalu vya Ngara na Biharamulo mnanipigia simu kuniuliza kwa nini miche yenu imepata maji wiki nzima, imesimama, na bado haikui. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Jibu nilipewa na mwanamke mkimbizi, katika mwaka ambao sipendi kuukumbuka, na siwezi kuwapa jibu nikauficha mwaka.

Jina langu ni Devota, Msubi wa Biharamulo, upande wa Nemba. Nilisomea misitu kwa ngazi ya cheti nikapangiwa kitalu kilichokuwa bondeni Kasulo, kando ya kijito. Watu wakaniita bibi miti kabla sijafikisha miaka thelathini. Ninayowasimulia yalitokea kiangazi cha pili tangu watu wavuke daraja la Rusumo wakikimbia vita, wakaja kukaa kwetu. Kambi ilikuwa imeenea kilima hadi kilima. Miti iliyokuwepo ilibaki visiki. Sisemi kwa kulaumu. Mtu ukimgawia maharage makavu, lazima akatafute kuni.

Lakini waliokuwa na vilima vile nao walikuwa watu. Mzee Stefano, mkulima wa palepale Kasulo, alikuwa na kilima nyuma ya nyumba yake. Kilinyolewa, na mvua ya kwanza ikashusha udongo mpaka kwenye migomba. Alikuja kitaluni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila kupandisha sauti, "Mwanangu, hivi vijiti vyenu vitakuwa miti lini?" Nikamwahidi kwamba mvua za vuli zikianza atapata migrevilea ya kujaza kilima chote. Niliahidi hivyo kwa kaya nyingi. Matuta yalikuwa yamejaa viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki mnayoijua, na tulikuwa na pampu ndogo ya dizeli iliyovuta maji kutoka kijitoni. Niliipenda ile pampu. Nililala nayo stoo wakati walinzi walipokuwa na uvivu.

Kati ya vibarua waliojaza udongo kwenye viriba alikuwepo mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyozoea jembe. Wenzake walimwita Mama Alfonsina, kwa jina la binti yake wa miaka tisa, ndiye mtoto pekee aliyevuka naye. Jina lake mwenyewe lilikuwa Konsolata. Sikujua zaidi ya hapo, na sikuuliza. Mwaka ule hukumwuliza mtu alikotoka, kwa kuwa angeweza kukujibu.

Mwezi wa Julai kuhara damu kuliingia upande wa kambi uliokuwa karibu nasi. Pampu kubwa iliyokuwa ikijaza matangi yao ikaharibika, na watu wakaanza kuteremka kuchota kwenye madimbwi ya ng'ombe. Asubuhi moja akaja fundi wa maji wa kambini, kijana mpole mwenye mafuta ya mashine hadi viwikoni.

"Dada, nimekuja kuomba pampu. Tunaifunga kwenye tangi la upande huu mpaka vipuri vya ile kubwa vifike."

Nilitazama miche yangu. Ilikuwa na urefu wa kiganja, ndiyo kwanza inaanza kunyoosha majani. Nikamwambia, "Njoo keshokutwa. Niache niishibishe hii kwanza, ipate nguvu ya kuvumilia."

"Watu wanaumwa, dada."

"Keshokutwa, nimesema."

Hakubishana. Alirudi siku niliyomtajia, tukaibeba pampu pamoja hadi kwenye gari. Nataka mkumbuke kwamba nilimkatalia siku mbili. Hakuna aliyeniandikia barua ya onyo. Kwenye daftari la kazi niliandika tu kwamba pampu imeazimwa.

Baada ya hapo tulimwagilia kwa keni, tukichota kwenye chemchemi iliyokuwa ikitoa maji kama jasho, kwa kuwa maji machache ya kijito yalikuwa yakivutwa kwenye tangi la kambi. Yalitosha tuta moja. Mengine tuliyaangalia yakikauka. Siku za kwanza miche ililegea mchana, na asubuhi ukaikuta imesimama. Hiyo bado si hatari, wanangu. Mche mchanga ukilegea saa saba mchana unajilinda tu. Amka alfajiri, jua halijatoka, uutazame. Ukiukuta bado umeinamisha kichwa, hapo una shida. Wiki ya pili yetu ilikuwa imeinamisha vichwa alfajiri. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa na rangi ya karatasi iliyoanikwa.

Mama Alfonsina hakuonekana siku hizo. Mwenzake aliniambia yuko kwenye hema la wagonjwa na mtoto. Alipofika tena, alikuwa amefunga kitenge kiunoni kama kawaida, akachukua koleo. Nikamuuliza, "Alfonsina anaendeleaje?"

"Tulimzika Alhamisi," akasema, akaanza kuchanganya udongo.

Nilisema pole. Nadhani nilisema mara tatu. Kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia la mbolea, nikahesabu siku kwa vidole: siku aliyokuja fundi, siku niliyompa pampu, siku mtoto alipolazwa. Vidole havikunipa jibu lililo wazi. Huenda alikuwa ameshakunywa maji ya dimbwi kabla fundi hajaja. Huenda alikunywa katika siku zangu mbili.

Siku chache baadaye pampu ikarudi, saa tano na nusu asubuhi, jua likiwa kali. Nikaifunga mwenyewe. Nilikuwa na kiherehere cha mtu anayetaka kusahihisha jambo lisilosahihishika. Nikavuta mpira, nikamwaga maji tuta la kwanza mpaka viriba vikaelea, nikaenda la pili, la tatu. Nilikuwa naingia la nne mtu akaukanyaga mpira. Kugeuka, ni Mama Alfonsina.

"Dada Devota, funga maji."

"Unasemaje wewe? Hii miche inakufa."

"Unaimalizia. Maji kidogo, pore pore." Alisema hivyo hivyo, pore pore, na kwa Msubi kama mimi, ninayechanganya r na l vilevile, haikuwa haki kucheka ulimi wa mwingine. Lakini nilikasirika. Nilimwambia kwamba hapa aliyesomea miti ni mimi. Akanitazama kwa utulivu. "Mimi nimefundisha baiolojia sekondari miaka kumi na minne," akasema. "Nipe matuta yaliyobaki. Hayo matatu yako."

Sijui kwa nini nilikubali. Pengine kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatalia kitu chochote.

Akawaita vibarua, wakakata nyasi na kuezeka chanja juu ya kila tuta, zikapitisha jua la madoadoa tu. Hakutia tone la maji mpaka jioni, na jioni ile alitia kikombe kidogo kwa kila kiriba. Asubuhi kikombe kingine. Alikwaruza mashina kwa ukucha, moja baada ya jingine. Palipokuwa na kijani chini ya ganda aliuacha mche, hata kama hauna jani lililo zima. Aliyetaka kung'oa "mikavu" alimkemea.

Nilipopoa nikamfuata kumwuliza. Alichuma jani moja, akaligeuza.

"Chini hapa kuna vitundu, vidogo, huvioni kwa macho. Mche ukikosa maji unavifunga, usipoteze hata hayo yaliyobaki. Ni vizuri. Lakini hewa ambayo jani linaitumia kutengeneza chakula inapita humo humo. Ukifunga, haupiki."

"Kwa hiyo unashinda njaa."

"Unashinda njaa. Na jua halijui kwamba jani limefunga, linaendelea kupiga. Mwanga unaingia ndani hauna kazi ya kufanya, basi unaharibu mitambo yenyewe ya kupikia. Ndiyo maana haya yamepauka. Kama kiu ni ya siku mbili tatu, ukitia maji vitundu vinafunguka, kesho yake kazi inaendelea. Kama ni ya wiki tatu, lazima mitambo itengenezwe upya. Maji hayaitengenezi kwa siku moja. Na ukiuweka kwenye jua kali wakati inatengenezwa, unaiharibu tena."

"Na kuijaza maji mengi kuna ubaya gani?"

"Mizizi midogo mingi imeshakufa. Iliyobaki nayo inataka kupumua. Wewe umetoa hewa yote kwenye udongo."

Matuta yangu matatu yalisimama kesho yake, majani yamejaa, mazuri kuyatazama, nami nikajisifu kimoyomoyo. Siku ya tano yakaanza kuwa ya njano kuanzia chini. Siku ya nane ukivuta mche unatoka na mzizi mweusi unaonuka. Ilikufa karibu yote. Ya kwake ilichelewa kusimama, ila ilisimama na haikurudi chini.

Sasa hapa ndipo penye swali lenu la simu. Mwishoni mwa Septemba mvua zikanyesha siku nne mfululizo, na msimamizi wetu akaja kutoka mjini na lori. Aliiona miche imesimama, ya kijani, akapiga makofi. "Pakieni. Mvua ndiyo hii, wananchi wanangoja." Mzee Stefano naye alikuwa amekuja, kavaa kofia yake ya kanisani, tayari kupokea.

Konsolata, ambaye wakati huo nilishaanza kumwita Mwalimu kwa kuwa sikuweza tena kumwita kwa jina la mtoto, aliniambia kwa sauti ya chini, "Haijapona. Imesimama tu. Majani yamejaa maji, lakini sidhani kama yanapika."

"Utajuaje?"

"Nipe siku moja. Na nahitaji ayodini na spiriti."

Msimamizi alikubali kulala Ngara mjini arudi kesho jioni. Mimi nikaenda zahanati ya kambi. Mganga aliposikia neno spiriti akakunja uso.

"Mnataka kunywa?"

"Hapana. Tunataka kuchemshia majani."

"Hapo ndipo umenitia wasiwasi zaidi," akasema, akanipimia kikombe kimoja na chupa ndogo ya ayodini iliyobaki robo.

Kesho yake tulingoja jua lipige tangu asubuhi. Saa tisa alasiri Mwalimu alichuma majani mawili. Moja alilichuma kwenye mgrevilea wa lile tuta tulilokuwa tukilimwagilia kwa keni muda wote, la pili kwenye miche iliyoonja kiu. Kwa macho, hukuweza kuyatofautisha. Aliyatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kisha akayatia kwenye kikombe cha spiriti, na kikombe akakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto aliyoiepua mbali na moto. Nisikilizeni hapa: msithubutu kuweka spiriti motoni, inalipuka. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuirudisha sufuria jikoni, akanipiga kofi la mkono kama mwanafunzi.

Spiriti ikavuta ukijani wote, majani yakabaki meupe, laini kama utando wa maziwa. Akayasuuza, akayalaza kwenye sahani. Msimamizi alikuwa amefika, amesimama na funguo za gari mkononi. Mzee Stefano alichuchumaa karibu kabisa.

"Jani likiwa limepika tangu asubuhi lina wanga ndani," Mwalimu akawaeleza. "Ayodini ikikuta wanga inakuwa nyeusi."

Akadondosha matone kwenye jani la kwanza. Likaanza kuwa na rangi ya samawati nzito, kisha jeusi, kuanzia katikati hadi pembeni. Akadondosha kwenye la pili. Tulingoja. Likabaki na rangi ileile ya kahawia ya dawa, isipokuwa doa dogo karibu na kikonyo.

Kisha Mzee Stefano akauliza, "Kwa hiyo hili la pili linakunywa tu, halili?"

"Ndiyo, mzee. Linaishi kwa akiba. Likipandwa leo, na mvua ikikatika wiki moja, halitakuwa na kitu cha kuotesha mizizi."

"Na likingoja?"

"Kivulini, na maji kidogo kidogo, wiki tatu. Majani mapya yatatoka. Hayo mapya ndiyo ya kuyapima."

Msimamizi alisema mvua haingoji. Alikuwa na ratiba yake, nami namwelewa sasa kuliko nilivyomwelewa siku ile. Akaamuru lori moja lipelekwe Nyakisasa jioni hiyohiyo. Akamgeukia Mzee Stefano: "Na wewe, mzee, tukupakilie?"

Mzee akavua kofia, akaipangusa. Kilima chake kilikuwa kinabomoka kila mvua, hilo sote tulilijua. "Mimi nitangoja," akasema. "Nimeshaona kwa macho yangu."

Mvua ilikatika katikati ya Oktoba, siku kumi na moja. Nilikwenda Nyakisasa kwa baiskeli. Katika mashimo yale miche ilikuwa imesimama bado, ila mikavu, ukiigusa inavunjika. Mama mmoja aliyepanda na kuwekea kila mche uzio wa miiba aliniuliza amekosea wapi. Nikamwambia hakukosea yeye. Nikarudi nikisukuma baiskeli.

Ni katika wiki zile tatu za kungoja nilipomwambia Mwalimu. Tulikuwa wawili, tunajaza viriba vipya. Nikasema, "Mwalimu, fundi alikuja kuomba pampu siku ya Jumatatu. Nilimpa Jumatano."

Aliendelea kushindilia udongo kwa vidole. Akamaliza kiriba kile, akakipanga, akachukua kingine.

"Najua," akasema. "Fundi mwenyewe aliniambia, mle hemani. Alikuwa analeta maji."

Kumbe Mwalimu alijua. Alikuwa anajua siku ile alipoukanyaga mpira. Alikuwa anajua alipokesha na miche yangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Sijui kama ni siku zile mbili. Wewe pia hujui. Nimelifikiria sana na sikupata mwisho wake." Akakipanga kile kiriba cha pili. "Sitakwambia kwamba si kitu, Devota. Ni kitu. Utakaa nacho, na mimi nitakaa nacho."

Nililia. Hakunizuia, wala hakunikumbatia. Baada ya muda akasukuma karai upande wangu. "Udongo umekwisha," akasema. Nikaenda kuuleta.

Miche ya Mzee Stefano tuliipanda katika mvua za Novemba, baada ya majani mapya kuwa meusi sahanini, na asilimia kubwa yake ilishika. Yeye aliishi mpaka akapasua mbao za mlango kutoka kilima kile. Mwalimu nilimwombea awe msaidizi wangu kitaluni, na kwa muda uliobaki tulifanya kazi bega kwa bega. Alinifundisha kuuzoesha mche kiu kabla haujatoka kitaluni: punguza maji taratibu, ulegee kidogo mchana, upewe, ulegee tena. Mche uliowahi kuonja kiu ndogo huvifunga vitundu mapema na kuvifungua mapema. Alinifundisha kupima kiriba kwa kukinyanyua, si kwa kukiangalia juu. Nyinyi siku hizi nasikia mna kifaa cha kubana jani kikatoa namba hapohapo. Kitumieni. Ila msiamini namba ya saa nne asubuhi peke yake. Rudini saa nane, jua likiwa kali, mlione jani linavyofanya kazi wakati wa shida.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi warudi kwao. Ilikuwa Desemba ya mwaka uliofuata, mvua inanyesha. Barabara ya kwenda Rusumo ilijaa watu kuanzia asubuhi, vichwani magodoro, masufuria, watoto mgongoni, na kilichosikika ni miguu tu. Nilisimama langoni pa kitalu tangu saa moja. Niliogopa atapita nisimwone.

Alipita karibu saa sita, na kifurushi kimoja. Alitoka kwenye mstari akaja hadi langoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya shukrani na ya yale mengine. Nikamwuliza tu, "Kaburi la Alfonsina?"

"Nimeweka mawe," akasema. "Utapita wakati mwingine, uyaangalie."

"Nitapita."

Watu waliokuwa nyuma walimwita. Alitazama ndani, kwenye matuta, akahesabu kwa macho kama alivyozoea.

"Lile tuta la mwisho lilikosa maji wiki iliyopita," akasema. "Limesimama, lakini usilitoe kivulini kabla ya Jumatatu."

Nikamwambia sawa, Mwalimu. Akarudi barabarani, na kwa muda niliona kifurushi chake cha bluu kati ya vingine, kisha sikukiona tena. Msimamizi alipiga redio mchana huo kutaka miche yote ipakiwe, maana lori lilikuwa tupu. Nilimjibu kwamba lile tuta la mwisho halitoki. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema, na lori likaondoka bila miche hiyo.